Shemeji kaandikiwa faini ya mwendo njia ya Masaka, Jumapili anarudi Bukoba. Alipe, apinge, au afanyeje?

BintiKagera (mwanzisha uzi), Alhamisi usiku

Wakuu, salamu. Naomba ushauri wa watu wanaozijua barabara za Uganda, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na muda unakwenda.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ametoka Bukoba leo na Noah yake kuja harusini Kampala. Mpakani Mutukula kapita bila shida, karatasi zote anazo: leseni ya Tanzania, kadi ya njano ya bima, kibali cha muda cha gari. Akaja vizuri mpaka senta moja akishavuka Lwera. Wanaoijua njia ile wananielewa. Ukitoka kwenye kile kinamasi barabara imenyooka, mguu umeshazoea mwendo, halafu nyumba zinaanza kidogo kidogo huku na huku, duka la kwanza, boda mbili tatu chini ya mti. Askari wa trafiki na nguo yake nyeupe kasimama hapo na tochi, mashine ya kupimia mwendo. 71 kwenye 50.

Nampa haki yake yule askari. Hakumfokea. Alimwonyesha namba kwenye mashine, akamwandikia, akamrudishia leseni mkononi na kumtakia safari njema. Karatasi ninayo hapa mezani: shilingi laki mbili za Uganda. Shemeji ameendesha miaka mingi na kosa la mwendo hajawahi kuandikiwa hata kwao, sasa la kwanza limemkuta ugenini na hajala chakula cha usiku. Kwao tochi ni elfu thelathini, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu, yameisha. Hii ukiibadilisha ni zaidi ya laki moja ya Tanzania.

Mume wangu anasema alipe tu. Baba mkubwa anasema awashe gari aondoke zake, nani atamfuata Bukoba kwa ajili ya karatasi. Jirani kaleta habari ya kijana mmoja "anayejuana na watu" ambaye eti ataifuta kwenye mfumo kwa elfu themanini. Na shemeji mwenyewe anasema kibao cha 50 hakukiona, angependa kupinga.

Mimi nataka arudi kwake na moyo mweupe, na siku nyingine aje bila kuiogopa njia. Nisaidieni.

Kadogo wa Mpigi

Pole sana dada, na mpe pole shemeji. Usiiweke picha ya karatasi hapa, ina jina na namba ya leseni yake. Subiri wenye uzoefu waje.

DerevaWaMalaba

Dada BintiKagera, mimi ni mtu wa malori, hiyo barabara ya Masaka naijua kona kwa kona. Nitakujibu kama ningemjibu mdogo wangu.

Leo usiku msilipe, na msiitupe. Isomeni kwanza. Watu wengi wakishika karatasi ya EPS, yaani hiyo faini ya papo kwa papo ya polisi wa Uganda (Express Penalty Scheme), jicho linakimbilia kiasi, mengine hawayaoni. Angalieni jina kama limeandikwa kama lilivyo kwenye leseni. Angalieni namba ya gari herufi kwa herufi, hasa kwa gari la Tanzania, maana mpangilio wa namba zetu haujazoeleka kwa kila askari. Mahali, tarehe, saa, kosa lililoandikwa, jina la askari na namba yake. Karatasi ile ndiyo kesi nzima. Ukilipa unaikubali ilivyo, ukipinga unaipinga ilivyo, kwa hiyo ijueni kwanza.

Sasa habari ya baba mkubwa. Kwa heshima zote, ushauri huo ulikuwa na nguvu enzi za vitabu vya kaboni. Siku hizi askari barabarani anaiangalia namba ya gari kwenye mfumo, na operesheni za kuwatafuta wenye EPS ambazo hazijalipwa zipo, gari linazuiwa mpaka deni liishe. Shemeji yako ni mtu wa Bukoba. Kampala kwake ni karibu kuliko Dar, tena kwa tofauti kubwa sana. Atarudi tu: harusi nyingine, msiba, mzigo wa duka, mgonjwa wa hospitali ya Mulago. Deni halitamsumbua leo akiwa peke yake na ana nafasi. Litamsumbua siku hiyo ana mgonjwa kiti cha nyuma na jua linazama. Mwambie baba mkubwa gari likiuzwa kesho kwa mtu mwingine, na huyo naye amebebeshwa.

Kijana wa elfu themanini, hapana. Hapana kabisa. Sheria ya Uganda ya kupambana na rushwa ya 2009 inambana anayetoa sawasawa na anayepokea. Na hata ukiliweka kando suala la sheria, fikiria: ukimpa hela huyo kijana unabaki na nini mkononi? Huna risiti, huna namba, huna pa kwenda kulalamika. Mwenzangu mmoja aliandikiwa barabara fulani ya kaskazini, mtu akamwambia "nipe nikulipie, mimi naenda mjini." Akampa. Aliporudi njia ile ile baadaye, faini ilikuwa bado inasoma, akalipa mara ya pili huku mzigo wa watu unaozea juani.

Kulipa kwenyewe si kazi. Hela ya EPS inakwenda serikalini kupitia URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, unalipa kwa namba ya malipo wanayoiita PRN, benki au kwa simu. Laini yake ya Tanzania itamsumbua, atumie ya kwako. Kabla ya kuweka namba ya siri simu itakuonyesha kiasi na maelezo ya malipo. Simama hapo, linganisha na karatasi. Ikikutaka umtumie mtu hela kwenye namba yake binafsi, achana nayo. Ukishalipa tunza ujumbe, piga picha ya skrini, na chapisha nakala moja ikae garini pamoja na karatasi yenyewe. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Kesho ni Ijumaa, benki zipo. Msisubiri Jumapili asubuhi anapowasha gari.

Nansana_Boy

Mbona mnamtisha dada wa watu? EPS si ilisimamishwa Juni 2025 baada ya watu kupiga kelele? Mimi sijalipa kitu na niko barabarani kila siku.

DerevaWaMalaba

Ndugu yangu, iliyosimamishwa ni ile ya kamera, EPS Auto, iliyoanza mwanzoni mwa Juni ikisoma namba za magari yenyewe na kutuma faini kwa mwenye gari. Laki mbili ukizidisha mwendo mpaka kilomita 30, laki sita ukizidi hapo. Wananchi walilalamika, muda wa kulipa ulikuwa mfupi na watu walikuta faini zimejipanga, Wizara ya Ujenzi ikaisimamisha kuiangalia upya. Ya kuandikiwa na askari mkono kwa mkono haikwenda popote, na hiyo ndiyo iliyo mezani kwa BintiKagera. Usimwambie mgeni kwamba hakuna faini halafu yeye ndiye akalale kituoni.

OtienoBusia

Nawasalimu kutoka mpakani. Shemeji ashukuru Mungu kwamba haikuwa upande wetu. Kanuni za Kenya za 2016 za makosa madogo: ukizidisha kilomita 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000. Ukipita 20 unaenda kortini. Yeye amezidisha 21. Angekuwa kwetu, uamuzi wa alipe au aende kwa hakimu usingekuwa wake.

KaraniMstaafu

Nimefanya kazi masjala ya mahakama ya hakimu hapa Uganda mpaka nilipostaafu, na kesi za trafiki zimepita mikononi mwangu kwa mafungu. DerevaWaMalaba amesema vizuri. Mimi niseme upande wa mahakama, kwa sababu naona watu wanautaja kwa woga au kwa hasira, na vyote viwili havimsaidii mtu.

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ni ya 1998, imefanyiwa marekebisho 2020. EPS ni mlango wa pembeni ambao sheria imeufungua: unakubali kosa, unalipa, huonani na hakimu. Hakuna anayekulazimisha kupita mlango huo. Kwenye EPS za karatasi muda uliozoeleka ni siku 28, na ndani ya muda huo una haki ya kusema silipi, nataka kesi yangu isikilizwe. Ukisema hivyo, sema kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kukaa kimya siku 28 si kupinga. Wengi wanachanganya hapo, wanadhani wasipolipa wamekataa. Hujakataa kitu, umechelewa tu, na deni linaendelea.

Sasa ukichagua mahakama, kesi inasikilizwa kule kosa lilipotokea. Haihamii Kampala kwa sababu shemeji anafikia Kampala, wala haimfuati Bukoba. Siku ya kwanza unasomewa shtaka unaulizwa kweli au si kweli. Ukikiri, inaweza kwisha siku hiyo hiyo: hakimu atasikiliza maelezo yako, na kwamba ni kosa la kwanza na umekiri bila kumsumbua mtu, hivyo hupimwa kwa faida yako. Lakini hakimu hafungwi na laki mbili iliyoandikwa kwenye EPS. Anaweza kushuka, anaweza kupanda. Ukikana, inapangwa tarehe ya ushahidi, askari aje aeleze alisimama wapi, mashine ilisomaje. Askari naye ana siku yuko kazini kwingine, ana siku anaumwa. Tarehe inasogezwa. Kwa mtu wa Kayabwe, jirani na Lwera, kusogezwa tarehe ni kero. Kwa mtu wa Bukoba ni mafuta ya gari, kibali cha gari mpakani, na siku mbili za kazi zimekatika kila mara. Na asipofika akiwa yeye ndiye aliyeomba mahakama, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na hapo faini ya mwendo imeshageuka kitu kingine.

Hayo nayasema ili mtu apime, si kumvunja moyo. Kuna mambo ambayo mtu lazima ayapinge hata kama anatoka Kigoma. Gari lililoandikwa si lake. Siku ile hakuwa njia ile. Magari mawili yalipishana mbele ya mashine na anajua kwa hakika kilichosomwa ni cha mwenzake. Kosa lililoandikwa si lile aliloambiwa. Hapo usilipe ili upumzike, kwa sababu ukilipa umekiri.

Hoja ya "sikuona kibao" ndiyo niliyoisikia kuliko zote, na mara nyingi haikumfikisha mtu mbali. Mjini na kwenye senta mwendo ni 50, na dereva anatarajiwa kujua kwamba palipo na maduka na watu ni senta. Hata hivyo, kama shemeji anaamini kweli kibao hakipo, sio kwamba hakukiona, arudi apapige picha kutoka upande aliokuwa anatokea. Picha hiyo ina uzito. Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa anaangalia barabara haina.

Na la lugha, kwa sababu najua Watanzania na Wakongo wengi wanaogopa mahakama zetu kwa hilo. Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumika. Kiswahili kimewekwa kwenye Katiba kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Na polisi wa Uganda wamezungumza Kiswahili kazini kabla hata hiyo ibara haijaandikwa. Mtu asilipe kosa ambalo si lake kwa sababu tu anaogopa Kiingereza.

Kadogo wa Mpigi

Mzee, hili la 28 na mkalimani sikulijua. Ubarikiwe.

BintiKagera

Nimewasomea wote hapa sebuleni, hata baba mkubwa amekaa kimya akasikiliza. KaraniMstaafu, shemeji anauliza: ile pale barabarani, kabla hajaandikiwa, angeweza kuomba asamehewe? Aliogopa kwamba akifungua mdomo itaonekana anashawishi rushwa.

KaraniMstaafu

Kuomba msamaha si rushwa. Rushwa inaanza pale unapotaja kitu au unapoingiza mkono mfukoni. Dereva ana haki ya kusema, "Afande, mimi ni mgeni, sijawahi kuandikiwa, naomba unionye." Askari ana nafasi ya kuonya badala ya kuandika, na wapo wanaofanya hivyo. Ila ni kabla kalamu haijagusa karatasi. Ikishaandikwa imeshakuwa ya serikali, usimbane askari aichane, unamtafutia matatizo. Aseme mara moja, kwa heshima, halafu anyamaze. Na kama bado hajaonyeshwa mashine, anaweza kuomba kuiona kwa lugha hiyo hiyo: namba, saa, na kama ni gari lake.

MwalimuNeema

Jamani naomba na mimi niseme, hata kama nitaonekana natoka nje ya mada. Tumeongea hela na mahakama, hatujaongea ile senta yenyewe.

Nafundisha shule iliyo kando ya barabara kuu. Gari la kilomita 50 kwa saa linakata kama mita 14 kwa sekunde moja. La 71 linakata karibu mita 20. Mtoto akijitokeza nyuma ya matatu iliyosimama, dereva kabla hajagusa breki, ile sekunde ya kushtuka tu, mmoja amekula mita sita zaidi ya mwenzake. Na nguvu ya kugonga haiongezeki kwa mstari ulionyooka. Kutoka 50 kwenda 71 inakuwa mara mbili. Mara mbili na kidogo juu, pigeni hesabu wenyewe, 71 mara 71 gawanya kwa 50 mara 50. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wanaifanya ubaoni.

Ripoti ya polisi ya 2024 inasema waliokufa barabarani Uganda mwaka ule ni watu 5,144. Mwaka kabla yake 4,806. Hiyo ni kama watu kumi na wanne kila siku. Kanuni mpya za mwendo zimeshusha mpaka 30 karibu na shule na hospitali, na watu wakazipigia kelele. Mimi sikupiga kelele. Nimeshasimama langoni mara nyingi nikishika mikono ya watoto wa chekechea wawili wawili huku lori linapita nguo zinapepea.

Shemeji si mtu mbaya, na simhukumu. Lakini naomba atakapolipa, awe analipa kwa sababu pale ni mahali watu wanavuka, sio kwa sababu ya tochi tu.

Nansana_Boy

Mwalimu hapo umenigusa. Ila na wewe kubali kuna mahali wanajificha. Nia ikiwa ni watoto, askari asimame wazi langoni pa shule, watu wapunguze. Kumvizia mtu nyuma ya gunia la makaa kunamfundisha nini?

MwalimuNeema

Nakubali kabisa. Hata mimi ningependa asimame langoni kwangu kila asubuhi. Mwombee aje.

DerevaWaMalaba

Wote mnasema kweli. Mimi natumia kanuni moja na nawafundisha matanboi wangu, wasaidizi wa lori: nikiona mtu anauza kitu kando ya lami, mguu unatoka. Namawojjolo pale njia ya Jinja wale vijana wa kuku na gonja, ndizi za kuchoma, wanakimbilia gari kabla halijasimama, vichwa vyao viko kwenye mishikaki, haviko barabarani. Huhitaji kibao kujua hapo ni pa mwendo gani.

BintiKagera, Ijumaa mchana

Wakuu nimerudi. Asubuhi tumeisoma karatasi kama DerevaWaMalaba alivyosema, kidole kikifuata kila mstari. Herufi ya mwisho ya namba ya gari imekosewa! Imeandikwa I badala ya L. Vingine vyote ni sawa, jina, leseni, mahali, saa. Sasa baba mkubwa ameamka upya, anasema hiyo karatasi imekufa, gari hilo halipo duniani. Shemeji naye ameanza kupata matumaini. Inafutika kweli?

KaraniMstaafu

Haijafa. Herufi moja iliyokosewa na mwandiko wa haraka, wakati jina la dereva na leseni yake vimekaa sawa, ni kosa la kurekebishwa, na mbele ya hakimu lingerekebishwa kwa dakika moja. Kesi haijengwi juu ya herufi hiyo, na dereva mwenyewe anajua ni yeye.

Lakini hatari iko upande mwingine, na hiyo ndiyo inayofanya ugunduzi wenu uwe na maana. Akilipa ilivyo, malipo yatakaa kwenye namba ambayo si ya gari lake. Siku askari mwingine akiuliza, atakuwa na risiti isiyofanana na kibao cha gari. Waende kituo cha trafiki na leseni, kadi ya gari na karatasi yenyewe, waombe irekebishwe kabla ya kulipa. Wakiambiwa hairekebishiki hapo, waombe maelezo kwa maandishi, hata mistari miwili yenye sahihi na muhuri, ikae pamoja na risiti.

DerevaWaMalaba

Na aende mwenyewe shemeji, asiende jirani. Mwenye leseni ndiye mwenye neno. Wewe dada msindikize, lakini yeye ndiye azungumze.

Salma_Entebbe

Samahani kudandia uzi wa mtu. Mimi swali langu linafanana. Mgeni wangu kutoka Zanzibar alikodi gari hapa Entebbe, akalirudisha, akapanda ndege. Sasa wenye gari wananitafuta mimi niliyemdhamini, wanasema kuna faini ya mwendo ya kamera ya siku alizolikodi, kabla kamera hazijasimamishwa, wanataka laki tatu taslimu. Yeye anasema hakusimamishwa na askari yeyote.

BintiKagera, Ijumaa jioni

Karibu Salma, uzi ni wa wote.

Ndugu zangu, tumemaliza. Tulikwenda kituoni, shemeji akaeleza mwenyewe kwa Kiswahili chake cha Kagera, afande mmoja mama akamsikiliza vizuri, akaangalia kadi ya gari, herufi ikarekebishwa kwenye mfumo wao. Tukapata PRN, nikalipa kwa simu yangu tukiwa bado pale kwenye benchi, laki mbili kamili na gharama ya kutuma. Kabla ya kuweka namba ya siri nilimpa shemeji simu asome, akasoma kila neno kwa sauti. Tumechapisha nakala mbili, moja iko kwenye dashibodi pamoja na kadi ya njano.

Suala la kupinga aliliacha mwenyewe. Alisema, "Shemeji, kibao sikukiona, lakini maduka niliyaona." Hayo ya MwalimuNeema yalimkaa.

Baba mkubwa ameniuliza kama akiba ya elfu themanini ya yule kijana anaweza kuichangia harusini. Nimemwambia anaweza.

KaraniMstaafu

Vizuri sana. Jumapili akifika Mutukula karatasi zote ziwe mfuko mmoja. Pale kituo ni cha pamoja, anayetoka Uganda anahudumiwa upande wa Tanzania, dirisha la Uganda na la Tanzania viko jengo moja. Asivuke haraka bila kufunga kibali cha gari kwenye dirisha la Uganda, maana kibali kilichobaki wazi kitamsumbua kuliko hata hiyo faini.

Salma, nakuja kwako. Kwanza, faini ya kamera ilikuwa inakwenda kwa mwenye gari kwa sababu kamera inaona namba, haioni dereva. Kwa hiyo kwamba mgeni hakusimamishwa na mtu haimaanishi faini ni ya uongo. Lakini pia haimaanishi ni ya kweli. Usitoe hela kwa maneno. Omba nakala ya faini yenyewe, uone tarehe, saa, mahali na mwendo, ulinganishe na mkataba wa kukodi: alichukua gari saa ngapi, akalirudisha saa ngapi.

DerevaWaMalaba

Na kiasi. Viwango vya kamera vilivyotangazwa 2025 vilikuwa laki mbili au laki sita. Laki tatu imetoka wapi? Inawezekana wameongeza ucheleweshaji, inawezekana wameongeza usumbufu wao, lakini waandike. Soma mkataba kama kuna kifungu cha gharama ya kushughulikia faini. Kama hakipo, hiyo ziada haina msingi.

Salma_Entebbe

Mkataba ninao kwenye simu. Gari lilirudishwa Jumatatu saa nne asubuhi, wamesaini. Nikithibitisha faini ni ya siku zake, niwape wao hela?

KaraniMstaafu

Omba PRN ulipe moja kwa moja, kisha uwape wao nakala ya risiti. Wakikataa kukupa PRN, waandikie ujumbe ukiwaomba, mara ya pili na ya tatu, ili ibaki kumbukumbu kwamba uko tayari kulipa. Na tarehe ya faini ikiwa ni ya Jumatatu mchana au baadaye, watumie picha ya mkataba wenye sahihi yao ya saa nne, wamtafute aliyekodi baada yake.

Salma_Entebbe

Nimewaandikia sasa hivi kuomba nakala na PRN. Wakijibu nitaleta hapa.